Unga wa Kichina kwa farasi mwenye mimba: jibu kwa saisi wa Barka

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Tanga, ni saisi hapa Barka, Oman, huu mwaka wa tatu. Tuna farasi tisa, sita ni wa mbio za masafa marefu na watatu ni majike wa kuzalisha. Jike mmoja, yule wa kijivu, hupatwa na msokoto wa tumbo karibu kila mwezi. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, amerudi kutoka Guangzhou, China, na mifuko ya unga wa Kichina. Anasema ni dawa ya asili ya farasi ya tangu zamani, na haina madhara kwa kuwa ni majani tu. Anataka nimpe huyo jike kila anapoanza kugaagaa, na hawa wa mbio niwape kidogo siku moja kabla ya mashindano ili matumbo yao yawe mepesi. Nimekutumia picha ya mfuko. Jike ana mimba ya miezi mitano. Je, dawa hizi zinafanya kazi kweli? Nimpe?"

Marahaba, mwanangu. Neno la mimba umeliweka mwishoni kabisa, nami naanzia hapo hapo: usimpe huyo jike unga huo, hata kijiko kimoja. Sikukatazi kwa sababu ni dawa ya Kichina. Wachina wenyewe ndio wanaokukataza. Katika picha uliyonitumia, chini ya maelezo ya matumizi, kuna mstari mfupi wa herufi nne unaosema kwamba ni marufuku kwa mnyama mwenye mimba. Kafili wako hasomi Kichina, na aliyemuuzia hakumsomea.

Hilo ndilo la haraka. Mengine yanataka nafasi, kwa sababu umeuliza swali la haki, kama dawa hizi zinafanya kazi, na sitaki nikujibu kwa "ndiyo" au "hapana" tu. Nilisomea udaktari wa mifugo Beijing, na nimekaa na dawa hizi kwa muda wa kutosha kuziheshimu. Kuziheshimu huko ndiko kunakonifanya niogope zinapotumiwa namna hii.

Unga ulioletewa unaitwa Da Cheng Qi San. "San" maana yake ni unga. Asili yake ni dawa ya kuchemsha iliyoandikwa na tabibu Zhang Zhongjing karibu mwaka 200 baada ya Kristo, naye aliitunga kwa ajili ya watu, wale walioshikwa na homa huku tumbo limefunga na kujaa. Baadaye waganga wa wanyama waliichukua na kuiongezea vipimo vya farasi na ng'ombe, na leo imo katika kitabu rasmi cha dawa za mifugo cha China. Ndani yake mna vitu vinne tu. Kuna da huang, mzizi wa manjano na mchungu sana. Kuna mang xiao iliyosafishwa, ambayo si jani hata kidogo bali ni chumvi, sodiamu salfeti. Kuna hou po, magome ya mti wa jamii ya magnolia. Na kuna zhi shi, machungwa machungu yaliyochumwa machanga na kukaushwa.

Tazama jinsi vitu hivyo vinavyosaidiana. Chumvi inavuta maji na kuyaingiza ndani ya utumbo, kinyesi kigumu kikalainika. Da huang ina kemikali ambazo hupita tumboni bila kufanya kazi, na zikifika kwenye utumbo mpana bakteria huzivunja, ndipo zinapouamsha utumbo usukume. Hou po na zhi shi huondoa gesi na kuupa utumbo mwendo. Daktari wa leo, mwenye shahada ya London au Nairobi, akikuta farasi ana kinyesi kilichoganda kwenye utumbo mpana humpa maji mengi pamoja na chumvi ya namna hiyo hiyo, magnesiamu salfeti au sodiamu salfeti, kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni. Kwa hiyo ukiniuliza kama Wachina walijua walichokuwa wakifanya, nakujibu kwamba walijua.

Na haikuwa bahati. Dola ile ilisimama juu ya migongo ya farasi. Katika karne ya saba nasaba ya Tang ilihesabu farasi zaidi ya laki saba katika malisho yake ya magharibi, na kumbukumbu za serikali yake zinataja waganga wa wanyama 600 katika idara ya farasi, walimu wanne na wanafunzi 100. Hata hiyo qatt, majani ya alfalfa, unayowakatia farasi wako kila asubuhi ina kisa chake huko: iliingia China zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, enzi za mfalme Wu wa nasaba ya Han, pamoja na farasi wakubwa wa Fergana, Asia ya Kati, ambao alipigania vita ili awapate. Walimchukua farasi, wakachukua na chakula chake. Watu waliofikiri hivyo hawakuwa wakibahatisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo mfuko wako hausemi. Mwaka 1608 ndugu wawili wa Lu'an, mkoa wa Anhui, Yu Benyuan na Yu Benheng, walitoa kitabu kikubwa cha tiba ya farasi, Yuan Heng Liaoma Ji. Maneno mawili ya mwanzo ya jina hilo yametoka katika majina yao, moja kwa kila ndugu. Humo msokoto wa tumbo unaitwa qiwo, yaani "kuinuka na kulala". Wewe umewahi kukesha na jike wako akilala, akiinuka, akilala tena, kwa hiyo huhitaji nikufafanulie. Wakaugawa msokoto huo katika aina 36, kila aina na mchoro wa farasi na jinsi anavyojiweka: huyu ananyoosha shingo, huyu anatazama ubavu, huyu anakaa kama mbwa.

Aina 36, mwanangu. Unga wako ni wa aina moja, ile ya kinyesi kilichofunga. Nyingine zina tiba zake, na baadhi yake zinapingana kabisa na huu ulionao. Farasi aliyerudi akitokwa na jasho akanywa maji baridi kwa pupa, tumbo likamkaza, wao walimwita mgonjwa wa baridi na kumpa dawa ya kumpasha moto: maganda ya chungwa, mdalasini, shamari, popoo na mengineyo. Ukisoma orodha hiyo unadhani umeingia jikoni kwa bibi yako. Mgonjwa huyo ukimpa unga wa kuharisha umemwongezea maumivu. Na kwa yule aliyefunga, ndugu Yu hawakutegemea dawa peke yake. Wana sura nzima inayofundisha jinsi ya kuingiza mkono kupitia njia ya haja, kuutafuta uvimbe wa kinyesi kwa vidole na kuuponda taratibu. Kazi hiyo inataka mkono uliofundishwa na usijaribu kuiiga, kwa kuwa utumbo wa farasi ukichanika hapo ndio mwisho wake. Naitaja ili uone kwamba hawa hawakuwa watu wa kufungua mfuko na kumimina.

Nilikuwa na mwalimu mmoja, mzee, ambaye ungemletea farasi mgonjwa asingemgusa kwa dakika kumi. Alisimama tu. Kisha angefunua mdomo aone rangi ya fizi na ulimi, jambo ambalo waganga wa Kichina hulitanguliza kuliko yote. Rangi njema waliifananisha na ua la mpichi. Ikipauka, ikiwa nyekundu ya moto, ikielekea zambarau, kila moja ina maana yake. Halafu angeweka vidole kwenye mshipa chini ya shingo, karibu na kifua, upande wa kushoto na wa kulia, akifumba macho. Mwishoni ndipo angeuliza farasi amekula nini. Siku nyingine aliondoka bila kuandika dawa yoyote, akaamuru abadilishiwe malisho. Kwangu mimi hiyo ndiyo tiba ya Kichina ya farasi. Unga ni kipande cha mwisho chake, na ukikiondoa kwenye kusoma mgonjwa kulikokitangulia, kinabaki unga wa kuharisha tu.

Kwa farasi jambo hili ni la hatari kuliko kwa mnyama mwingine yeyote unayemfuga, na sababu iko katika umbile lake. Farasi hawezi kutapika. Msuli unaofunga mdomo wa tumbo lake ni mkali kiasi kwamba kilichoingia hakirudi. Tumbo lenyewe ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 hivi. Baada ya hapo utumbo mpana ni mrefu, mpana, unajikunja na kurudi, na kuna kona moja ambapo unapungua upana ghafla. Hapo ndipo vitu hunasa. Lakini pia utumbo huo unaweza kuhama mahali pake au kujisokota wenyewe, damu ikakatika. Kwa nje farasi aliyenasa kinyesi na yule aliyejisokota utumbo wanagaagaa sawasawa. Wa kwanza unga huu, ukipimwa vizuri, ungeweza kumsaidia. Wa pili ukimpa unachochea utumbo usukume mahali pasipo na njia, na wakati wewe unasubiri dawa ifanye kazi, zile saa chache ambazo daktari wa upasuaji angemwokoa zinapita.

Kuna na namna ya kumpa. Maelekezo ya Kichina husema unga ukorogwe kwa maji yanayochemka, uachwe upoe, kisha anyweshwe. Zamani walitumia pembe au bomba la mwanzi. Najua wewe ungetumia chupa. Farasi mwenye maumivu ukimwinua kichwa na kummiminia kwa chupa, maji yanaweza kuingia mapafuni, na nimoni ya namna hiyo inaua. Na si kijiko cha chai tunachozungumzia, dozi ya dawa hii kwa farasi ni mamia ya gramu. Kwa hiyo ukimpa kidogo umempotezea muda, ukimpa yote bila mpira wa daktari umemhatarisha. Hata asingekuwa na mimba ningekuambia umwachie daktari aliye mbele ya farasi aamue.

Kuhusu kauli ya kafili kwamba "ni majani tu", mwambie kwa adabu kwamba sumu kali nyingi ni majani. Kuna tunda la Kichina liitwalo ma dou ling, yaani "kengele ya farasi", kwa kuwa linaning'inia kama njuga shingoni mwa farasi. Jina zuri. Lina asidi ya aristoloki, inayoharibu figo na kuleta saratani. Mmea mwingine wa jamii hiyo hiyo uliingia kwa makosa katika vidonge vya kupunguza unene huko Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo. Jina lake la Kichina lilikaribiana na la mmea uliokusudiwa, basi. Kosa la duka likatosha.

Nije kwa hawa sita wa mbio. Hapa jibu langu ni hapana moja tu, na naomba ulishike. Farasi anayekimbia masafa marefu katika joto la Oman anaweza kupoteza lita 10 za jasho kwa saa moja, pamoja na chumvi zake. Ukimharisha siku moja kabla umemtoa mwilini maji ambayo kesho yake anayahitaji ili awe hai. Farasi aliyekauka maji ndiye hasa anayefunga kinyesi na kupata msokoto, kwa hiyo utakuwa umemtengenezea ugonjwa ule ule unaoukimbia. Zaidi ya hayo, zile zhi shi, machungwa machanga, zina sinefrini, kemikali ya kuchangamsha mwili, nayo imo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI. Ikikutwa katika damu au mkojo, hawaulizi kama ilitoka kwenye sindano au kwenye chungwa. Mmea wa ma huang nao, ambao utaukuta katika dawa nyingi za Kichina za kikohozi, una efedrini, na mambo ni yale yale. Sheria inamwajibisha mpanda farasi hata kama hakujua, na wasaidizi wake wanaweza kuhusishwa. Sitaki jina lako liingie humo kwa ajili ya unga ulioambiwa uukoroge.

Huenda kesho ukaletewa na kile kichupa cha Yunnan Baiyao, dawa ya kuzuia damu iliyotungwa mwaka 1902, ambayo watu wa mbio huwapa farasi wanaotokwa damu mapafuni wakikimbia. Farasi walipimwa kwa ajili hiyo Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 2005, na damu haikupungua. Usiipoteze pesa ya watu huko.

Sasa jike wako wa kijivu, ambaye ndiye ninayemfikiria tangu nilipoisoma barua yako. Msokoto wa kila mwezi si bahati mbaya. Kuna kitu kinaurudisha. Na wewe uko Barka, ufukweni, ardhi ni mchanga mtupu. Uniambie: qatt unamtupia chini? Kama ndiyo, kila anapokota jani anameza mchanga, kidogo kidogo, nao ni mzito, unatuama chini ya utumbo mpana na kukaa. Baada ya wiki kadhaa unakuwa kilo. Unakwaruza, unauma, unafunga.

Kupima ni rahisi na hakugharimu kitu. Chukua madonge sita ya kinyesi chake kibichi, yaokote yale ya juu yasiyogusa ardhi. Yatie katika chupa kubwa ya plastiki iliyo wazi au mfuko unaoona ndani, ongeza maji mara mbili ya kinyesi, koroga hadi yavunjike, kisha ning'iniza na uache nusu saa. Mchanga utashuka chini. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Ukiona kijiko kizima cha mchanga una jibu. Usipoona kitu bado huwezi kusema kwa hakika kwamba hana, kwani mchanga mwingine hukaa bila kutoka, na hapo daktari atamsikiliza tumbo au kumpiga picha ya eksirei.

Na hapa narudi China kwa njia nyingine, kwa sababu kuna hadithi ninayoipenda. Wanasimulia kwamba jemadari Ma Wu wa enzi za Han alikwama jangwani wakati wa ukame, watu na farasi wakaanza kukojoa damu. Saisi mmoja, mtu wa kazi kama yako, aliona farasi wake watatu wamepona peke yao. Akawafuata kuona wanakula nini, akakuta ni kimmea kidogo chenye majani mapana yanayolala chini. Jemadari akamuuliza kiko wapi. Akamjibu: "Mbele ya gari." Tangu hapo kinaitwa che qian, "mbele ya gari", na mbegu zake bado ni dawa ya mkojo. Ni hadithi, ichukue kama hadithi. Lakini mmea huo ni ndugu wa damu wa ule unaotoa isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayouzwa maduka ya Kihindi na bibi zetu huyanywa kwa ajili ya choo. Maganda hayo yakilowa huvimba na kuwa kama utelezi, na madaktari wa farasi huyatumia kuondoa mchanga. Utafiti uliofanywa Finland umeonyesha kwamba yakipewa pamoja na magnesiamu salfeti kwa mpira, siku kadhaa mfululizo, huondoa mchanga vizuri kuliko yakipewa peke yake. Muulize daktari wa hapo kuhusu hilo kwa jina. Mwambie na mimba. Yeye ndiye atakayepima kiasi.

Wakati unamsubiri, acha kabisa kulisha chini. Hori la mbao linatosha, na chini yake tandika mpira ili yanayodondoka yasiguse mchanga. Mpe majani makavu kabla ya qatt, asiwe na njaa ya kulamba ardhi. Jiwe la chumvi liwepo daima, na maji yawe kivulini, kwa sababu maji ya moto farasi huyakataa hata akiwa na kiu.

Akianza tena kugaagaa, ondoa chakula chote, piga simu kwa daktari papo hapo, kisha fanya kazi ya yule mwalimu wangu. Funua mdomo utazame fizi. Weka kidole kwenye mshipa chini ya taya uhesabu mapigo kwa dakika nzima: farasi aliyetulia ana 28 hadi 44. Yakizidi 60, au fizi zikigeuka zambarau au rangi ya matofali, usingojee, mwambie kafili farasi anakufa. Andika saa aliyoanza, saa aliyokunya mara ya mwisho, kama ametulia au anajipiga chini. Ukiweza mtembeze polepole. Akiwa mkali usijiweke chini ya kwato zake.

Kuhusu kafili: najua hali ya kazi huko, na najua si rahisi kumwambia mwenye mali kwamba alichonunua hakifai. Usimwambie hakifai. Mpelekee mfuko, mwonyeshe zile herufi nne, nimezizungushia wino mwekundu katika picha ninayokurudishia. Mwambie ni Wachina waliotengeneza dawa wanaosema jike mwenye mimba asipewe. Farasi hubeba mimba miezi 11, ana sita mbele yake, na thamani ya mtoto aliyeko tumboni kafili anaijua kuliko mimi. Na ile habari ya FEI na sinefrini mwonyeshe kabla ya mashindano yajayo, si baada yake.

Mifuko iliyobaki iwekeni pakavu, mbali na chakula cha farasi. Daktari wenu anaweza kuwa na kazi nayo siku moja kwa farasi asiye na mimba, atakapojua kwa hakika amefunga nini na wapi. Kesho asubuhi, kabla hujafagia zizi, fanya ule mtihani wa chupa, upige picha chini ya chupa unitumie.